Nyumba Kumi na Moja Kwenye Eneo la Baruti

Nilitoka Musoma kwa sababu ya mstari mmoja kwenye fomu. Mstari huo ulisema eneo la kiwanda likaguliwe na mwombaji awepo. Mwombaji ni mimi, Perpetua, ambaye mtaani mnaniita Mama Rhoda, muuza vifaa vya ujenzi. Kabla ya duka nilitunza ghala la baruti la machimbo ya kokoto kwa miaka mingi. Wenzangu wa kwaya mmekuwa mkiniuliza safari ile ilikuwaje, na kila nikianza kueleza napotea katikati. Basi naandika, kituo kwa kituo, huenda na mimi nikaelewa.

Nataka kutengeneza baruti za kupasulia miamba, kihalali. Wachimbaji wadogo wa Buhemba huzisubiri kutoka mbali, na wakichoka kusubiri hununua za magendo. Elias, mtoto wa shangazi yangu Nyangeta, alinunua hizo za magendo. Leo ana jicho moja. Tangu siku hiyo shangazi hataki neno baruti litajwe mbele yake, na mimi tangu siku hiyo nimeshindwa kuwaza kitu kingine.

Eneo ni la mdogo wangu Magesa, shamba aliloachiwa na baba, wilayani Butiama. Alikubali kwa maandishi nilitumie. Likikataliwa, faili linafungwa na ninaanza tena mwanzo, na kwa umri wangu sitaanza tena.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Musoma. Nilipita ofisi ya madini kuhakikisha kwamba mkaguzi atafika kesho yake. Kijana wa mapokezi alifungua faili langu, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama, cheti cha mazingira kiko wapi?"

"Niliambiwa eneo likaguliwe kwanza."

"Ndiyo. Lakini mkaguzi anataka mchoro wa eneo uliogongwa muhuri na watu wa mazingira."

"Watu wa mazingira wanasema niwapelekee kwanza ripoti ya mkaguzi."

Aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Ndivyo ilivyo, mama," akasema. Kisha akaniambia mkaguzi atakwenda tu, mchoro utafuata, ila nisisahau saini ya mtaalamu mwenye cheti cha ulipuaji. Nilimshukuru. Nilipofika nje nikajiuliza namshukuru kwa lipi.

Saa nne, njia ya Bunda. Nilikodi gari dogo nikakaa nyuma peke yangu na makaratasi mapajani. Mawe makubwa ya Musoma yalipita dirishani, moja limekaa juu ya jingine bila kuanguka, kisha ng'ombe, kisha mashamba ya pamba. Mimi nilikuwa nahesabu leseni. Kutengeneza kuna leseni yake. Kutunza kuna yake. Kusafirisha kuna kibali, kulipua kuna cheti, na kila moja inaitaja nyingine kana kwamba tayari unayo. Mwaka mzima nilidhani naomba leseni moja.

Saa sita mchana, Nyasura, mjini Bunda. Mzee Wambura ndiye mtaalamu wangu, mlipuaji mstaafu mwenye vidole vyote kumi, na katika kazi ile hiyo ni sifa. Mguu ulikuwa umemvimba, hivyo asingeweza kufuatana nami. Alisaini kwa mkono wa taratibu, tukala ugali kwa furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa kwetu, akaniuliza:

"Nyumbani umewaambia ni kiwanda cha nini?"

"Nimemwambia Magesa serikali inakuja kupima eneo."

"Hivyo tu?"

"Nikitaja baruti, shangazi atalala barabarani kuzuia gari la mkaguzi."

Mzee aliacha kutafuna. "Perpetua, sisi watu wa huku ukituambiaga serikali inakuja kupima, tunasikiaga kitu kimoja tu. Piga simu leo."

Sikupiga. Nilijiambia ninaijua familia yangu. Nililala kwake, kwenye chumba cha mabinti zake walioolewa.

Alhamisi asubuhi, Butiama. Gari lilinishusha mjini nikachukua bodaboda. Tulipita njia ya Mwitongo, lilipo kaburi la Baba wa Taifa, wageni wawili wakiuliza geti liko upande gani, kisha tukashika barabara ya vumbi kuelekea upande wa Buhemba. Nilikuwa na furaha. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimelitembea shamba lile lote, na hapakuwa na kitu ila nyasi na kichuguu.

Saa nne na nusu tulifika. Nilimwambia dereva amepotea.

Palikuwa na nyumba kumi na moja. Za miti na udongo, nyingine za matofali mabichi, bati moja moja juu, zimejipanga katikati ya eneo langu la kiwanda. Moshi ulikuwa unatoka. Nguo zilikuwa zimeanikwa. Kuku walikuwa wamefungwa kamba miguuni ili wasirudi kwao.

Kwa yeyote ambaye hajawahi kuishi mkoani kwetu, hii inaitwa tegesha. Watu wakisikia mradi unakuja, wanajenga upesi, ili serikali ikija kuhesabu imkute kila mtu na cha kufidiwa. Nimewacheka wa Tarime kwa jambo hilo miaka mingi.

Magesa alikuja mbio, amevaa shati la kanisani. "Dada, karibu! Umeona tulivyojipanga? Ukoo mzima umo!"

"Magesa, umefanya nini?"

"Si ulisema wanakuja kupima?"

Kweli nilisema. Na gari la mkaguzi lilikuwa tayari linakata kona.

Mkaguzi alikuwa dada mdogo mwenye kofia pana. Aliniamkia vizuri, akatoa kifaa chake cha kupimia, akatazama karatasi, akatazama nyumba, akatazama tena karatasi. Tulikuwa wawili tuliochanganyikiwa, na hilo lilinifariji kidogo.

"Mama, hapa fomu inasema pori."

"Lilikuwa pori."

"Kuna watu wanaishi?"

Kabla sijafungua mdomo Magesa akasema, "Tunakaaga hapa tangu enzi za marehemu baba." Na pale mbele ya nyumba ya tatu alikuwepo shangazi Nyangeta, anasonga ugali kwenye sufuria mpya kabisa, hatutazami, kama mtu aliyezaliwa kwenye jiko lile.

"Basi siwezi," mkaguzi akasema, anaandika. "Kiwanda cha baruti hakikai karibu na makazi ya watu."

Mwiko wa shangazi ulisimama.

Lile neno nililolikwepa miezi yote, alilitamka mgeni, kwa sauti ya kawaida, mbele ya ukoo mzima. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Perpetua," shangazi akasema. "Ulinificha mimi?"

"Nilikuficha, shangazi."

"Elias anajua?"

"Hajui."

Alijifuta mikono kwenye kanga akamwendea mkaguzi. Nilidhani atampiga. "Mwanangu, hizo za leseni, nazo zinatoaga watu macho?"

Mkaguzi alishusha kalamu. "Zinaweza, mama. Ndiyo maana tunasumbua. Anayetengeneza anajulikana, anayetunza anajulikana, anayelipua anajulikana. Ikitokea shida, kuna jina la kuulizwa."

"Sisi hatukupata wa kumuuliza," shangazi akasema. Alirudi, akaupakua ugali wake kwenye beseni, akaipua sufuria. "Mimi siishi hapa. Andika."

"Siwezi kuandika hivyo wakati nyumba imesimama," mkaguzi alijibu. "Nitarudi baada ya wiki mbili. Nikikuta hata nyumba moja, nafunga faili."

Aliondoka. Watu walianza kufungua kuku. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana.

Magesa alinivuta pembeni mpaka nyumba ya mwisho. Hiyo ilikuwa na dirisha na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Nilizitambua bawaba na kufuli. Vilitoka dukani kwangu, aliniomba wiki chache nyuma na wala sikumuuliza vya kazi gani.

"Hii ni ya kwako," alisema, akanipa ufunguo. "Nilisema fidia ikitoka na wewe usikose, dada. Halafu nikaona nikuwekee na dirisha."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Kwetu binti akishaolewa, nyumbani kwa baba hajengewi hata banda. Nikienda misibani nalala kwenye mkeka kwa wake za watu. Nina umri wa kuitwa bibi, na nilikuwa nimeshika kwa mara ya kwanza ufunguo wa nyumba kwenye ardhi ya baba yangu, iliyojengwa kwa uongo, mahali pasipotakiwa kuwa na nyumba.

Jioni hiyo hiyo nilirudi Musoma. Njia nzima ufunguo ulikuwa mkononi na yale makaratasi niliyasahau kwenye kiti cha nyuma, ikabidi dereva anikimbilie nayo hadi dukani.

Siku kumi zimepita. Jana Magesa alipiga simu.

"Dada, kumi zimeshalala chini. Shangazi ndiye alianza na ya kwake. Elias naye alikuja kusaidia, amesema ukipata hiyo leseni anaomba kazi ya ulinzi."

"Na ya kumi na moja?"

"Ile hatujagusa. Nyumba ya mtu anabomoaga mwenyewe."

Mtaniuliza nilijifunza nini. Kama cheti cha mazingira kinatangulia ukaguzi au kinaufuata, mpaka leo sijui, na kijana wa mapokezi naye hajui. Ninachojua ni kwamba nilipeleka maombi yangu kwenye ofisi nyingi na kueleza kila kitu kwa kila mgeni mwenye muhuri, nikashindwa kumweleza shangazi yangu, ambaye ndiye peke yake aliyeuliza swali la maana.

Kesho naenda. Nimetoa nyundo na mtaimbo dukani nikaviweka mlangoni. Nimemwambia Magesa asiondoe kitanda alichoniwekea ndani. Nitalala humo usiku mmoja, ndani ya nyumba yangu, nyumbani kwa baba. Asubuhi nitafungua dirisha, kisha nitaanza kubomoa.