Boko Boko ya Harusi Yangu

Shangazi yangu alikuja kwenye harusi yangu na mwiko wake mwenyewe kutoka Pemba. Ulikuwa wa mti mzito na ukiusimamisha ulinifika kifuani. Alisema miiko ya Kariakoo imechongwa kwa ajili ya ugali wa watu wawili, ukiitia kwenye sufuria la maana inavunjika. Kijijini kwao yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa watu wakitaka boko boko, na alikuwa amemwahidi baba tangu nikiwa mtoto kwamba siku nitakayoolewa ataipika yeye, si mwingine. Boko boko ni ngano na nyama. Vinachemshwa pamoja mpaka vinalainika, halafu vinapondwa na kupondwa mpaka huwezi tena kusema hii ni ngano na hii ni nyama. Unaipakua kwenye sinia, unafanya kishimo katikati, unamimina samli. Ni kazi ya watu wawili, tena wenye mikono.

Baba na mama walizaliwa kijiji kimoja huko Pemba. Baba alihamia Dar es Salaam angali kijana, na ilipokuja ruksa ya biashara akafungua duka la vitambaa na redio kaseti Kariakoo, karibu na unapoingilia Gerezani. Mzigo ulikuja kwa boti, ukauzika kabla haujatolewa kwenye maboksi. Tukapata nyumba yetu ya vyumba sita yenye ua nyuma. Nyuma ya ruksa ya biashara ikaja ruksa ya vyama vingi. Sisi wa mjini tuliiona kwenye bendera na kuisikia kwenye vipaza sauti, basi. Kwa watu wa kwetu iliingia mpaka jikoni.

Upande wa baba, karibu wote walikwenda upinzani. Upande wa mama walibaki na chama kinachotawala, maana kaka yao mkubwa alikuwa mtumishi wa serikali na nyumba nzima ilimtegemea. Wasafiri walituletea habari. Watu wa upande huu hawanunui sukari kwenye duka la upande ule. Gari la hawa halibebi mgonjwa wa wale. Maiti inapitishwa, na watu wamekaa barazani wanaitazama hawanyanyuki. Baba alikuwa akisikia anatikisa kichwa.

"Ujinga wa kule," anasema. "Utaishia kule kule."

Mama aliendelea na alichokuwa akikifanya, ila polepole zaidi.

Mimi niliposwa na fundi wa magari aliyekuwa na karakana yake Gerezani, mtu wa Rufiji. Kisiwani yalizuka maneno: kwani wa kwetu wamekwisha? Baba aliyazima, lakini maneno hayana mlango, yaliwafikia wakwe. Mama mkwe wangu, mjane wa Temeke, mfupi, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili, aliyasikia akanyamaza. Nilijua ameyasikia kwa namna alivyokuwa akinisalimia kwa adabu kupita kiasi.

Siku mbili kabla ya harusi, baba alikwenda bandarini na gari la kukodi kuwapokea wageni. Shangazi na binti zake walishuka, wakapanda nyuma. Mama mkubwa, dada yake mama, naye alishuka boti hiyo hiyo na watu wake. Alipoona nani amekaa kwenye gari, akasema yeye atakuja na teksi. Baba alirudi nyumbani akicheka. "Bahari imemchafua," alituambia.

Alfajiri ya siku yenyewe mimi nilikuwa ndani, nimepakwa hina mikono na miguu, kungwi wangu pembeni. Dirisha la chumba lilielekea uani, kwa hiyo niliona kila kitu kupitia wavu. Shangazi aliwasha moto chini ya sufuria kubwa. Upande wa pili wa ua mama mkubwa naye aliwasha wake, akaanza kumimina mikate ya mchele, moja baada ya nyingine, mgongo ameuelekeza kwa mwenzake. Hawa wawili ndio waliopika harusi ya mama na baba. Mama alizoea kunisimulia walivyosimama wakitazamana, mikono minne kwenye mwiko mmoja, wakitaniana mpaka wapishi wengine wakashindwa kufanya kazi kwa kicheko.

Ngano ilipolainika ukafika wakati wa kuponda. Shangazi aliinua kichwa akatazama ng'ambo. Hakuita. Alitazama tu, akangoja kidogo, kisha akaushika mwiko peke yake. Binti zake walijaribu kumsaidia wakachoka upesi. Jirani yetu, mama wa Kichaga mwenye duka la jumla la soda pale pale ukutani kwetu, alikuwa ameleta makreti. Akasimama, akachungulia sufuria.

"Mbona kama mtori wetu wa ndizi?" akasema. Akajifunga khanga kiunoni, akashika mwiko upande wa pili.

Shangazi akamwambia, "Vuta kwako, mwanangu. Haya. Sasa niachie." Wakaponda hivyo mpaka jua likapanda, Mkristo wa Kilimanjaro na Mpemba, na damu yetu wenyewe imekaa hatua chache inachoma mikate. Nilianza kuona haya pale pale, nikajisemea ni mambo ya jikoni, wageni hawatajua.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri. Wanaume walikula nje chini ya turubai, pilau ya mpishi wa kukodi, ambaye hakuna aliyejua chama chake wala aliyemuuliza. Wanawake walikaa uani juu ya mikeka. Mama, kwa hekima zake, aliwachanganya: kila sinia watu wa bwana harusi na watu wa kwetu. Mama mkubwa alimkalisha sinia moja na mama mkwe wangu, kwa heshima, dada mkubwa na mama wa bwana.

Sinia ya boko boko ikawekwa mbele yao. Mama mkwe alikwisha nawa, mkono uko tayari. Mama mkubwa akaitazama, akachukua kawa, akaifunika sinia, akaisukuma mbali naye.

"Sili mie chakula cha watu wale," akasema.

Hakupaza sauti. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama yeye, na alipofunika nao wakafunika. Kwenye mikeka kawa zikashuka moja moja. Wageni wa Temeke wakabaki na mikono iliyonawa, wanatazamana.

Mama mkwe akauliza, "Watu wale ndio nani?"

Akasimama, akajikung'uta khanga. "Tangu posa tulisikia maneno. Tukasema, aa, watu hawakosi maneno. Kumbe kweli. Hata kula na sisi mnaona kinyaa." Akawageukia wadogo zake. "Nyanyukeni. Mke tumeshapata, chakula tunacho kwetu."

Kungwi alikuwa ameshanishika mkono. Bibi harusi hatoki. Nilimponyoka nikatoka vile vile, na dhahabu zangu za kuazima na hina haijakolea vizuri, nikasimama katikati ya ua.

"Mama, si nyinyi," nikasema.

"Ila nani?"

Hapo ndipo nilipojua ninachotakiwa kusema. Kumwacha aamini kwamba tunawadharau ilikuwa ni kuivunja ndoa yangu kabla haijalala. Kumweleza ukweli ilikuwa ni kutuvua nguo sote.

"Aliyepika ni shangazi yangu. Anayekataa ni mama yangu mkubwa. Hawali pamoja."

"Kwa nini? Wamegombana?"

"Kwa sababu ya vyama, mama."

"Vyama gani? Vya upatu?"

Mtu mmoja alicheka, akakatisha.

"Vya siasa."

Akanitazama kama anayengoja nimalizie, kwamba labda kuna kitu kingine, mtu ameuawa, mtu ameporwa mume. "Dada ya mama yako na dada ya baba yako?"

"Ndiyo."

"Wa kijiji kimoja?"

"Ndiyo, mama."

Sauti yake ikashuka, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu sikuwahi kuisikia ikishuka. "Afadhali mngetudharau sisi, mwanangu. Sisi ni wageni."

Shangazi alikuwa mlangoni mwa jiko, jasho halijamkauka. Mama mkubwa alikuwa ametazama ukuta. Ndipo mama yangu alipopita katikati ya watu, akakaa mbele ya ile sinia, akaifunua, akaanza kula. Alikula peke yake sinia ya watu sita, kichwa kimeinama, tonge baada ya tonge, na machozi yanaingia kwenye samli. Sijui alikula kiasi gani. Mimi niliona ni muda mrefu sana. Mama mkwe alimtazama, akaketi tena, akapeleka mkono. Wadogo zake wakafuata. Watu wa mama mkubwa hawakula. Baadaye zilipopitishwa ladu tamu, alizotuletea Mhindi mmoja wa Mchafukoge aliyekuwa akimuuzia baba vitambaa, kila mtu alichukua, wa upande huu na upande ule, wakazisifia.

Baba aliambiwa. Nilimwona amefika ukumbini, amechungulia uani, amegeuka amerudi nje kwa wanaume.

Jioni, kabla sijachukuliwa, mama mkubwa aliingia chumbani na mkate wa kumimina ameufunga kwenye kitambaa safi. Nilikuwa na hasira naye, sikumtazama usoni.

"Wewe hujui," akaniambia. "Mjukuu wangu alipofariki hawakuja hata mmoja. Tulimwosha mimi na mama yake tu. Nyumba ya shangazi yako ni pale, ukikohoa unasikika."

Sikuwa nikijua. Mama alijua, hakuwahi kunieleza. Nilipomuuliza shangazi wakati wa kuagana, alifungua na kufunga fundo la mtandio.

"Tuliambiwa tukienda tutafukuzwa," akasema. "Mimi nilitaka kwenda. Nilivaa kabisa. Nikakaa kitandani na buibui langu mpaka nikasikia wametoka na jeneza."

Hasira yangu haikujua tena imwendee nani, na aibu ikabaki, ikakaa pale pale ilipokuwa.

Mume wangu hajawahi kunitajia siku ile. Mama mkwe naye hakuisimulia kwa watu, na yeye ni mtu wa kusimulia. Ila kila nilipopata wageni wa kwetu, naye yupo, alinifuata jikoni, akaniinamia sikioni, akaniuliza, "Huyu na huyu wanakula pamoja?" Hakuwa akinikebehi. Aliuliza kama unavyouliza nani hatumii pilipili, ili asikosee kuandaa. Nami nilimjibu: huyu ndiyo, yule mtengee. Kwa miaka mingi nilijibu hivyo ndani ya nyumba yangu, na kila mara uso ulinishuka upya.

Wakubwa wa vyama walikuja kupatana baadaye, wakashikana mikono, redio ikatangaza. Huko kijijini watu walichukua muda wao. Shangazi alifariki, yeye na mama mkubwa bado hawajasemezana. Nilikuwa nimejifungua, sikuweza kusafiri, kwa hiyo nilingoja mpaka mama mkubwa alipokuja Dar es Salaam kutibiwa macho ndipo nikamuuliza kama alikwenda msibani.

"Nilikwenda."

"Ukakaa?"

"Mpaka hitima."

Nilikuwa nikimpakulia chakula. Nikajikaza nikamuuliza kama alikula.

"Nilikula," akasema, akipapasa mkeka kutafuta sahani yake. "Ngano haikupondeka. Wale watoto wake hawajui kupika."