Programu ya Kumsemea Fundi

Karani wa shule alikuwa ameshalibofya lile faili mara saba, na mara zote saba kompyuta ilimfungulia dirisha lililojaa majina ya ajabu, kisha ikanyamaza. "Wewe nawe!" aliifokea. Saa sita na nusu mchana. Saa kumi shemeji yake angefika na mnunuzi wa karakana. Programu isipokuwa tayari kufikia hapo, basi tena.

Kisa chenyewe ni hiki. Mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alipata kiharusi wiki sita nyuma. Mikono na miguu ilikwenda, ulimi nao ukakwenda. Akili ilibaki timamu, na kidole gumba cha kushoto kilibaki. Shingo ililegea, kichwa kikawa kinaanguka mbele chenyewe, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kaka mtu alimuuliza kama karakana yake ya redio na kompyuta iuzwe. Kichwa kikaanguka. "Mmeona? Amekubali."

Mke akaja juu. "Shingo hiyo, shemeji! Muulize kama anataka kutupwa shimoni, uone kama hatakubali."

Akajaribu kumsomea mumewe alfabeti, naye ainue gumba kwenye herufi anayoitaka. Kaka mtu alikataa katakata. "Gumba hilo hucheza lenyewe, na anayeandika ni wewe, shemeji. Nitajuaje kama ni maneno yake?"

Mtaalamu wa hospitali ndiye aliyewapa njia. Kuna programu ya bure inayowasha herufi moja baada ya nyingine kwenye kioo. Mgonjwa anabonyeza kitufe kimoja tu herufi yake inapowaka, na sentensi ikiisha mashine inaisoma kwa sauti. Aliwaandikia jina la programu hiyo kwenye karatasi. Kazi ndogo, isipokuwa kompyuta pekee iliyokuwa nyumbani ni ya Fundi, na Fundi, kwa ubishi wake, hakutumia mfumo wanaotumia watu wengine. Alikuwa na Linux yake, akiisifu mezani mpaka chai inapoa. Mkewe miaka yote alimjibu, "Haya, nimesikia," wala hakuwa amesikia kitu.

Sasa, tusimwonee. Karani huyu hakuwa mjinga wa kompyuta. Shuleni yeye ndiye aliyeweka programu ya matokeo ya mitihani, walimu wamekaa wanamtazama. Alijua unaingia mtandaoni, unapakua faili, unalibofya mara mbili, unajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, umemaliza. Mazoea yana taabu! Faili lile lilitengenezwa kwa ajili ya mfumo wa ofisini kwake, hapa halikuwa na kazi yoyote. Akalipakua upya. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akatafuta maelezo mtandaoni, akakuta mmoja anasema fanya hivi, wa pili anamwambia wa kwanza hajui kitu, wa tatu anawatukana wote wawili.

"Watu wa mfumo wako wana midomo," alimwambia mumewe. "Ndiyo maana mnapendana."

Fundi, kwenye kiti chake cha magurudumu, alikuwa akikoroma kwa hasira, gumba likigonga mkono wa kiti: to, to, to. Hebu fikiria. Mtu aliyetengeneza kompyuta za nusu ya mtaa anamtazama mkewe akipakua faili lilelile kwa mara ya tatu, na hana namna ya kusema "sivyo".

"Nini? Maji? Choo? Jua linakuchoma?"

To, to, to.

"Basi niambie!" alipiga kelele, na papo hapo akajiziba mdomo kwa aibu.

Akakisukuma kiti mpaka mkono wa kushoto ukafika kwenye kioo. Gumba likapanda likitetemeka, likagusa pale chini, kwenye picha ndogo ya mfuko wa sokoni. Karani aliiona tangu asubuhi akaipita. Alijua ni duka, na yeye hakuja kununua.

"Si duka hilo?"

Gumba likagusa tena, kwa nguvu.

Akabofya, kumbe ni duka la programu za bure; akaandika jina la programu, na hii hapa, na kitufe kimoja cha kuiweka. Hakuna kuzunguka mitandaoni, hakuna faili la kupakua. "Kumbe ni hivi tu? Tangu saa nne asubuhi, kumbe ni hivi tu?"

Mashine ikataka neno la siri. Lo! Neno la siri lilikuwa kichwani mwa Fundi. Saa nane na robo. Akaanza kusoma alfabeti kutoka A, karibu aimalize, gumba likainuka: U. Akarudi mwanzo. S. Akarudi tena. I, kisha G. Alipoipata U ya pili akaacha kusoma.

"Usiguse? Neno lako la siri ni 'usiguse'?"

Fundi akatoa sauti fupi, na ikamchukua mkewe muda kutambua kwamba ni kicheko. Hakuwa amekisikia tangu hospitalini. "Mwanamume huyu!" alisema, naye akacheka, akijifuta macho kwa kanga.

Haikuwa mwisho. Programu ikataka programu nyingine kumi na nne ziletwe nayo, kama mgeni uliyemwalika peke yake akaja na ukoo mzima. Asilimia kumi. Asilimia arobaini. Ikakaa arobaini. Karani alisimama, akaketi, akafungua dirisha, akalifunga, akafagia palipofagiwa. Saa kumi kasoro dakika tano ndipo herufi zilipojipanga kwenye kioo, na hodi ikapigwa.

Mnunuzi alibaki nje. Karani aliweka kipanya chini ya gumba la mumewe, akaenda kuketi mbali, mikono mapajani ionekane. "Muulize mwenyewe, shemeji. Mimi sitii neno." Moyoni karani alikuwa na jibu tayari: haiuzwi. Karakana ile Fundi aliijenga tofali kwa tofali, alikwenda hata akiwa na homa.

"Mdogo wangu," alisema kaka mtu, "tuuze au tusiuze?"

Mwanga ukatembea juu ya herufi. Gumba likashuka. Ukatembea tena, likashuka tena. Mwisho mashine ikasema, kwa lafudhi ya kigeni:

"Uzeni. Nimechoka."

Kaka mtu hakushangilia. Alitazama sakafu. Karani ndiye aliyeruka kutoka kitini.

"Imekosea! Ndiyo kwanza imewekwa hii, na mimi sijui mambo haya, lazima kuna mahali nimebofya vibaya!" Akanyoosha mkono akichukue kipanya. Gumba halikuondoka. Mwanga ulikuwa umeanza kutembea tena, polepole, ikambidi asimame asubiri kama wengine.

"Umeiweka vizuri, mke wangu," ilisema mashine.