Kuponi za Kuisha Jumamosi

Mke wangu Leokadia hajawahi kulipa bei kamili kwa kitu chochote tangu tuhamie Dixon, huku Marekani, na sisemi kumsifu, ule ni ugonjwa. Kwenye albamu ya harusi yetu aling'oa picha zote akapachika kuponi za madukani, vile vikaratasi vya kupunguziwa bei: zinazoisha wiki hii mbele, za mwezi ujao nyuma. Kila Ijumaa anaifungua, anazisogeza mbele zilizokaribia kufa, kisha naamriwa nivae koti niwashe gari. Nimekula maharage ya kopo nisiyoyataka kwa sababu tu kuponi yake ilikuwa inaisha muda.

Sasa, majira ya baridi ya 2011, binti yetu Jacqueline alikuwa na mimba kubwa. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia, chumba kimeshajaa vinguo na kitanda cha mtoto kimeshaungwa. Leokadia alivigawa vyote kanisani, hakubakiza hata soksi. Safari hii akapiga marufuku: hakinunuliwi kitu mpaka mtoto alie. Ndivyo tulivyolelewa kwetu, ila mara ile tulijifanya Wazungu. Jacqueline, aliyezaliwa hukuhuku na anayetujibu kwa Kiingereza, alinuna. Aliniambia mimi, si mama yake, kwamba Mama hategemei kama huyu mtoto atafika.

Na ukurasa wa mbele wa albamu ulikuwa na kuponi za nepi, za kuisha Jumamosi. Tarehe ya kujifungua ilishapita, mtoto katulia tuli.

Jumamosi hiyo, jamani, sikupata raha. Asubuhi tulikwenda dukani. Leokadia akatia nepi kwenye toroli, akazunguka nazo, akazirudisha. Tukarudi nyumbani. Hakuvua hata viatu, akasema twende tena. Akazitia tena, akafika nazo mpaka kaunta, akampisha mtu wa nyuma yake, akageuka akazirudisha rafuni. Akampigia Jacqueline kuuliza kama uchungu umeanza, Jacqueline akamkatia simu. Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia hizo ni karatasi tu, Mama Jacqueline, nunua au tupa, unanimalizia petroli. Akazitoa kuponi, akazilainisha pajani moja moja. Na hapo hasira zote zikaniisha. Duka lilifungwa sisi tumekaa kwenye gari, kuponi ziko mkononi mwake.

Jumapili, misa haijaisha, simu ikaita. Mtoto wa kike, mzima, analia vizuri tu. Tulipofika hospitali Jacqueline aliitazama mikono ya mama yake, akauliza, tena kwa Kiswahili, "Mama, hukuleta kitu?"

"Sikuthubutu," Leokadia akasema. "Jana nilishinda na nepi dukani. Niliogopa nikizinunua, nitakuja kuzigawa tena."

Jacqueline akaanza kulia, akamnyooshea mtoto. Leokadia alimpakata kidogo tu, hakuweza kutulia, akamrudisha kwa mama yake na kuniambia nilete gari. Dukani alijaza toroli mpaka nikaona haya. Msichana wa kaunta akamuuliza kama ana kuponi. Za jana zilikuwa bado mfukoni mwa koti lake.

"Sina," akajibu, akalipa bei yao yote, na risiti hakuitazama.