Mpunga Alioupanda Mama

Mama alikufa mpunga ukiwa umefika magotini. Alikuwa ameupanda kwa mkono wake, mche kwa mche, mgongo umeinama kutwa, na alipozikwa mpunga ule haukujali hata kidogo, ukaendelea kukua. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Watu walikuja msibani wakasema kazi ya Mungu haina makosa, nami nikawa naitikia kwa kichwa tu, huku moyoni nasema, hii ina makosa, tena si madogo.

Tulikuwa tumemsalia novena nzima, siku tisa, akiwa kitandani, jumuiya yetu yote, mpaka magoti yakachubuka kwenye sakafu. Siku tuliyomaliza novena ndiyo siku aliyokata roho. Tangu hapo sikusali. Kanisani nilikwenda, maana kijijini kwetu Kibaoni ukikosa misa ya Jumapili watu watakuja hodi hodi kuuliza kama unaumwa, lakini nilikaa kwenye benchi nimefumba midomo. Wakiimba, mimi naangalia paa.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, nilifunga cherehani yangu Nsemulwa, mjini nilikokuwa nimerudi kushona baada ya matanga, nikapanda basi nikarudi nyumbani kuamia ndege wasiumalize mpunga. Baba asingeweza. Miguu yake haipandi ngazi siku hizi, na wadogo zangu wote wameolewa mbali.

Asiyelima mpunga hajui shida ya kwelea kwelea. Ni ndege wadogo, ukimshika mmoja mkononi unamwonea huruma. Lakini hawaji mmoja, wanakuja wingu zima, na wakitua asubuhi kwenye jaruba ukawaachia, jioni unavuna mabua. Kwa hiyo kila nyumba inajenga dungu, jukwaa la miti lenye ngazi katikati ya shamba, na mtu anakaa juu yake tangu alfajiri hadi ndege waende kulala. Unapiga makopo, unarusha tope kwa kombeo, unapiga kelele. Ikifika saa sita koo limekwisha.

Sasa bondeni kwetu, Mama alikuwa na mtindo wake. Zamani, mimi nikiwa msichana, alichoka kupiga ukelele wa bure. Akasema, kama ni kupayuka kutwa nzima, basi bora kelele zenyewe zifike mahali. Akasimama juu ya dungu akaanza kuita Litania ya Watakatifu. "Mtakatifu Yosefu!" Na kutoka madungu yote ya bonde lile wakamjibu, "Utuombee!" Jamani, ndege waliinuka! Kabla hawajapata pa kutua upande wa pili, ameshaita mwingine, na bonde zima limeshajibu. Tangu mwaka ule ndivyo tulivyolinda mpunga. Hata jirani yetu mlokole, ambaye dini yake haitaki mambo ya watakatifu, alikuwa hasemi utuombee, ila analipiga debe lake wakati uleule, tena kwa nguvu kuliko sisi tunaosali.

Baba alikuwa anaitikia kutoka kwenye tuta la mpaka. Masikio yake mazito, basi utuombee yake ilikuja peke yake, nyuma, wenzake wameshamaliza. Watu walimtania, wakasema mzee huyo hata mbinguni atafika wenzake wameshakula. Mama alikuwa anamsubiri. Hakuita mtakatifu mwingine mpaka amemsikia.

Mwaka huu hakuna aliyeita. Kila mtu alipiga kelele zake kwenye dungu lake, na ndege wakawa wanahama tu, wakifukuzwa huku wanatua kule, wanakula kwa zamu. Nilijua wananisubiri mimi. Dungu la kuita ni letu, na mtu hawezi kuamka tu akachukua nafasi ya marehemu wakati mwanawe amesimama palepale.

Mama mdogo, ambaye jaruba lake linapakana na letu, hakuvumilia. Alikuja mpaka chini ya ngazi, tope mpaka kwenye goti.

"Wee, ita," akasema. "Nyie mnasubiri nini? Mpunga unakwisha."

"Sijui mpangilio wake, Mama mdogo."

"Unaujua. Umeusikia tangu uko msichana."

"Basi naujua. Ila siiti. Mimi na hao wa mbinguni tumemalizana."

"Aka! Usiseme hivyo juu ya dungu la dada yangu!" Aliondoka akinung'unika, na mchana kutwa hakuniangalia.

Nilimwonea huruma, maana mpunga wake ndio chakula chake chote. Ila ningeitaje? Kusimama pale na kupaza sauti, utuombee, utuombee, wakati nilishaomba kwa machozi nikanyimwa? Mimi si mnafiki. Nikiwa na hasira nanyamaza, na nilikuwa na hasira.

Tatizo ni kwamba kimya chenyewe hakikuwa kimya. Nilikuwa namsikia Mama. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majaruba, ilikuja sauti yake, maneno hayasikiki, mlio tu wa kuita, ule wa kupanda mwishoni. Nilikuwa nageuka. Kila mara nageuka, na kila mara ni makopo yanagongana kwenye kamba au mtu anamwita mbwa wake kule ng'ambo. Rozari yake ilikuwa bado imening'inia kwenye msumari wa nguzo ya dungu, pale alipoiacha. Kipago cha juu cha ngazi kilikuwa kimelika upande mmoja, kwa mguu wake. Nilikikanyaga kila siku na kila siku nywele zilinisimama.

Halafu kulikuwa na gauni.

Siku ya kuanua matanga ndugu waligawana nguo zake kama desturi, huyu kitenge, huyu kanga, huyu sweta. Gauni lake la Jumapili, la buluu lenye maua meupe, halikuonekana. Wanawake wakaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni, kila mmoja anamshuku mwenzake. Asubuhi yangu ya kwanza shambani nilipanda ngazi, nikageuka, nikamwona Mama amesimama katikati ya mpunga, amenipa mgongo.

Nusura nianguke. Nilishika nguzo nikalia kama mtoto. Ilinichukua muda kuona kwamba ni miti miwili imefungwa msalaba, na majani makavu yamejazwa ndani ya gauni, na kanga imefungwa kichwani kama alivyokuwa anafunga yeye. Baba ndiye aliyekuwa ameficha gauni. Amelitengeneza sanamu ya kutishia ndege.

Nilishuka nikamfuata kwenye tuta lake. Nilimkaripia, Mungu anisamehe, baba yangu mzazi. "Baba, hii nini? Unataka tufe kwa mshtuko?"

Tangu mazishi alikuwa mtu wa kukaa kimya. Mwishowe akasema, "Ndege walikuwa wanamwogopa."

"Na mbona amegeukia kule?"

"Hana uso," Baba akasema. "Nilishindwa kumtengenezea uso. Nikaona bora aangalie huko."

Nilirudi kwenye dungu, na toka siku hiyo nilifanya kazi huku Mama akinipa mgongo. Upepo ukivuma mikono ya gauni inainuka kidogo. Nilikuwa najiambia ni majani makavu. Nilikuwa najiambia hivyo siku nzima, na bado sikuthubutu kwenda kuangalia kwa mbele.

Kisha ikaja ile asubuhi. Ndege walitokea upande wa mtoni, wengi kuliko siku zote, mpaka jua likapungua. Wakatua kwanza kwa mlokole. Alilipiga debe lake, wakahamia kwa Mama mdogo. Nilimsikia anapiga kelele, sauti imekauka, inakatika katika. Kisha wakaja kwetu. Nilivuta kamba, makopo yakalia, hawakujali. Nilirusha tope, kundi likafunguka na kujifunga tena. Mpunga ulikuwa unalala chini kwa uzito wao. Mpunga wa mkono wake, wa mwisho, hakutakuwa na mwingine.

Halafu wakatua juu ya gauni. Mabegani, mikononi, kichwani kwenye kanga. Hawakumwogopa tena. Kitambaa kilikuwa kinatikisika chote, na kutoka pale nilipokuwa nimesimama ilionekana Mama analia.

"Mama!" nikapiga yowe. "Mama! Mama yangu wee!"

Sikuwa nasali. Nataka hilo lieleweke. Ni kilio, kilekile nilicholia jeneza lilipokuwa linashuka. Lakini kilitoka juu ya dungu lile, kwa mlio uleule wa kupanda mwishoni, na bonde halikujua tofauti. Miaka yote hiyo wamezoea. Mtu akiita kutoka pale, wao wanajibu.

"Utuombee!"

Wote. Mama mdogo, na wale wa ng'ambo ambao hata sioni madungu yao, na debe la mlokole likapigwa wakati uleule. Ndege waliinuka kwa pamoja, bonde zima, kwa mshindo, na gauni likabaki limesimama peke yake, mkono mmoja bado unacheza.

Kisha kimya. Nadhani walishtuka kwa walichokisema. Mama mdogo alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyecheka. Nilishika rozari pale msumarini, si kwa ibada, ndicho kilikuwa kitu cha karibu cha kushika.

Ndipo kutoka kwenye tuta ikaja sauti nyingine, nzito, peke yake, wenzake wameshamaliza.

"Utuombee."

Baba alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa mkononi, na hakuniangalia mimi, alikuwa anaangalia gauni. Sikuwa nimeisikia sauti ile ya kuitikia tangu tumzike.

Juu, ndege walikuwa wameshaanza kugeuka warudi. Nilingoja mpaka Baba amemaliza. Nikavuta pumzi, nikamwita Mama tena.