Bubu Aongea Akipanda Ngazi

Saa mbili asubuhi, harufu ya rangi mbichi inawapokea wageni mlangoni mwa shule ya chekechea. Ndani ya darasa tupu, mwanamume wa makamo amesimama kwenye ngazi fupi, brashi mkononi, naye anaongea mfululizo.

"Hapa nilikuta ukungu. Nikaukwangua, nikapiga msasa, nikaacha ukuta ukauke. Sasa ndiyo napaka mkono wa kwanza."

"Ehe," anaitikia mkewe, mshonaji wa mapazia, aliyeketi chini ya ngazi akipinda kitambaa. "Na wa pili?"

"Wa pili kesho. Rangi haitaki pupa."

Fundi huyu haongei kwa kupenda. Ni agizo la hospitali.

Kwa miaka mingi wateja wamemwita Bubu, kwani alikuwa akiingia nyumba ya mtu asubuhi na kutoka jioni akiwa amesema "hodi" na "kwaherini" tu. "Hata ugomvi kwangu haukunoga," anasema mkewe. "Ungegombana na nani? Na mlango?"

Ukimya huo ulikaribia kumponza. Mwaka jana, akipaka dari ya sebule yake mwenyewe, alianza kuhema kila alipopanda ngazi. Miguu ikavimba hata viatu vikamkataa, asimwambie mtu. "Nilidhani ni uzee unabisha hodi," anakumbuka. Siku moja aliteremka, akaketi sakafuni, akashindwa kunyanyuka. Dari ikabaki nusu nyeupe, nusu rangi ya moshi.

Hospitalini aliambiwa kwamba ana ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Jina lenyewe nusura limmalize.

"Nikajiuliza, moyo ukishashindwa, mimi nimebakiwa na nini?"

Daktari alimweleza kuwa moyo wake haujasimama. Unasukuma damu kwa unyonge, na maji yanatuama mwilini. Hilo fundi alilielewa upesi, maana ukuta ukinywa maji, rangi huvimba. Lakini alipoambiwa kuwa damu yake itapimwa kiwango cha homoni, aliteremsha mkono wa shati aliokwisha kuukunja, akatoka nje.

"Homoni nilizojua mimi ni za kina mama," anasema akicheka. "Nikafikiri wamenichanganya na mjamzito niliyeketi naye benchi moja."

Mkewe alimkuta uani.

"Baba watoto, umekwisha kupimwa?"

"Wanataka kupima homoni. Mimi si mwanamke."

"Hilo nalijua, nina ushahidi wa watoto watatu. Simama twende."

Walirudi pamoja. Muuguzi, mama mwenye sauti ya upole, aliwafahamisha kwamba moyo nao una homoni yake, ambayo huimwaga kwenye damu unapoelemewa na kutanuka. Ikizidi, ni dalili kwamba moyo umelemewa na unaomba msaada.

"Kumbe," mkewe akasema, "hata moyo wake unajua kulalamika kuliko yeye."

Kiwango kilikuwa juu mno. Alipoambiwa atembee kwa dakika sita kwenye ujia wa hospitali, alisimama mara kwa mara akashika ukuta. Akapewa dawa, akapunguziwa chumvi, na ngazi ikapigwa marufuku.

Marufuku hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi. "Sina kazi nyingine ninayoijua," anasema. "Fundi rangi asiyepanda ngazi ni nusu ukuta."

Cha ajabu, aliagizwa pia atembee kila siku, naye akaogopa. Muuguzi akampa kipimo cha kwenda nacho njiani: "Ukiweza kutembea huku unaongea, endelea. Maneno yakikatika, pumzika."

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa sharti jepesi. Kwa Bubu lilikuwa chungu kuliko dawa. Mkewe alifuatana naye kila asubuhi akimchokoza kwa maswali. Mwanzoni maneno yalikatika kabla hawajafika duka la kona. Taratibu duka likapitwa, na baadaye soko. Njiani mkewe akasikia habari za marehemu mama mkwe wake ambazo hakuwahi kuzisikia, na siku moja akasikia neno "naogopa".

"Nilimshika mkono," anasema mama huyo. "Siku hiyo bubu nilikuwa mimi."

Mwezi uliopita alipimwa tena. Hakuambiwa amepona, na dawa ataendelea kuzimeza. Lakini homoni imeshuka sana, na kwenye ujia ule ule hakugusa ukuta. Kosa lake lilikuwa moja: muuguzi alilazimika kumnyamazisha, kwa kuwa kipimo hicho hufanywa kimya.

Daktari akamruhusu ngazi fupi, kwa masharti kwamba awepo mtu chini, na ateremke maneno yakianza kukatika. Mkewe anasema alipolisikia neno "ruhusa" alijikuta amekalia kiti cha daktari.

Wakimaliza shule hii, wamepanga kurudi kwenye dari ya sebuleni. Mafundi wengine walijitolea kuimaliza, mkewe akawakatalia wote.

"Nitashika ngazi," anasema, akikata uzi kwa meno, "naye atanisimulia siku alipokuja kunichumbia. Siku ile aliyesema ni mjomba wake tu. Yeye alitazama ukuta."

Juu ya ngazi, brashi inasimama.

"Ule ukuta ulipakwa vibaya," anasema Bubu. "Nitakueleza yote. Habari hiyo inatosha dari nzima."