Mwaka Koko Alipokwenda Kushika Theluji

Umewahi kuwasikiliza watu wa Sandton, hapa Johannesburg, mwezi wa Juni unapoelekea ukingoni? Ofisini kwetu hawazungumzi tena faida wala hasara. Wanaulizana theluji imefika sentimita ngapi kule milimani, ni laini au imeganda, imeanguka yenyewe au ni ya mashine, na barabara ya kupandia inapitika kwa gari la kawaida au hapana. Mimi huwa najifanya sisikii. Mwaka huu, lakini, wanangu walinibana mpaka nikakubali, tukaenda. Nilipofungua mlango wa gari kule juu, baridi ile ikaniingia puani pamoja na harufu ya majani makavu na moshi, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Watoto wakaulizana kwa Kiingereza mama ana nini. Nilikuwa na mengi, rafiki yangu, na wewe ndiye nitakayekusimulia.

Nilikulia Joubert Park, katika ghorofa ambalo lifti yake sikuwahi kuiona ikipanda. Baba alikuwa mlinzi, mama alikuwa fundi cherehani, na bibi yetu, ambaye kama Wakongo wote tulimwita Koko, alikuwa ndiye serikali. Koko alizaliwa chini ya milima ya Ruwenzori, upande wa Kongo. Huko, mvua ikishanyesha usiku na anga ikitakata asubuhi, unaiona theluji kwa macho yako, nyeupe juu kabisa, huku wewe umesimama kwenye migomba na jasho linakutoka. Baba yake alimwahidi kwamba akikua atampandisha akaishike. Ikaja kazi ya kahawa, ikaja ndoa, ikaja vita, ikaja safari ndefu ya kusini iliyotuleta Johannesburg. Ahadi ikabaki kule kule chini ya mlima, na Koko hakuisahau hata siku moja.

Sasa fikiria siku mwalimu wetu wa Sunday school aliposimama kanisani Troyeville na kutangaza kwamba likizo ya baridi angewapeleka watoto kuteleza kwenye theluji, milimani karibu na mpaka wa Lesotho. Mwalimu huyo alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa benki, mwanamke wa mipango na saa ya mkononi. Kanisa lilipiga vigelegele. Kabla vigelegele havijaisha, Koko alikuwa amekwisha fika mbele.

"Na miye niko naenda," alisema.

"Shosho, pole, hii trip ni ya watoto tu," mwalimu akamwambia kwa upole.

"Mwalimu, ile neige, ile theluji yenu, nilionaka kila asubuhi, tangu nikiwa kadogo. Macho ilishiba. Inabakia mukono tu!" Akaunyoosha mkono wenyewe, kiganja juu, mbele ya kanisa zima. Mwalimu alitazama saa yake, akatazama kile kiganja, akaandika jina la Koko.

Basi maandalizi yakaanza, na mimi sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yangu (mume wangu asisome hapa). Korido ya ghorofa letu ilikuwa na sakafu nyekundu ya polishi. Tukiwa na soksi miguuni tulikimbia kutoka mlango wa ngazi na kujiachia, tukateleza mpaka kwenye mlango wa jirani, ambaye alitoka kila mara na mwiko wa bugali mkononi akitishia kumwita mwenye nyumba. Koko alikaa kwenye kiti chake katikati ya korido akitukosoa. "Kunja magoti! Weye, unaanguka sawa gunia!" Alijulia wapi mambo ya magoti, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Jioni ilikuwa zamu ya taarifa ya hali ya hewa kwenye televisheni. Nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji akisema jua, Koko alimkaripia kama anayemsikia. Akisema mawingu na baridi kali upande wa milima, tulirukaruka mpaka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikamwagika. Wiki ya mwisho kila siku ilikuwa jua. Koko alianza kusali kwa sauti, akimkumbusha Mungu kwamba kwa kuangusha theluji hapotezi kitu.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Wewe unatujua Wakongo: watu wakienda mahali pamoja, iwe harusi, iwe msiba, lazima washone kitambaa kimoja. Haikumjia akilini kwamba theluji ina mavazi yake. Alinunua kitenge cha ndege wakubwa wa kijani na manjano, akashonea ndani yake mablanketi ya zamani, akatutolea suruali na makoti, watoto wote na Koko pia, na glavu, vilemba na mikanda ya kitenge juu. Tulipendeza, bwana! Mwalimu alipotuona tumejipanga mbele ya kombi alfajiri ile alishika mdomo. "Wueh," alisema tu, akawasha gari.

Tulivuka robot za mwisho za mji, zile taa za kuongozea magari, taa za mitaani zikiwa bado zinawaka. Kisha likaja jimbo la Free State, mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa, umande umeganda juu yake ukimeta, na kila tulipouona tulipiga kelele tukidhani ndiyo theluji yenyewe. Ndani ya kombi kulinuka mikate ya mafuta na makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye Koko hasafiri bila yeye. Kila mlima uliojitokeza mbele tuliushangilia.

Tukafika. Milima ilikuwa ya kahawia. Yote, kutoka huku mpaka kule, kahawia kama mkate. Katikati kulikuwa na mkanda mmoja mweupe tu, umeshuka kwenye mteremko, na kando yake mashine zimesimama zimeinua midomo. Sisi watoto hatukujali. Nyeupe ni nyeupe! Tulivishwa viatu vizito vya kukodi, tukafungiwa zile mbao ndefu miguuni, na ndani ya muda mfupi kitenge kilikuwa kimelala kila mahali. Wageni wengine walisimama kutupiga picha. Baba mmoja wa Kizungu alimuuliza mwalimu kwa heshima kabisa sisi ni timu ya taifa gani. Mwalimu alijibu bila kupepesa macho kwamba bado tuko mazoezini.

Nikwambie ukweli, ile raha ya kwanza ya kuteleza bila kuanguka siwezi kuieleza nikaimaliza. Upepo usoni, tumbo limebaki juu, unapiga ukelele ambao hujui umetoka wapi. Nilipanda na kushuka mpaka kitenge kilipolowa chote, kisha kikaganda. Tulipovua makoti ya juu ili tule, yalisimama wima yenyewe kwenye majani, mikono wazi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Koko hakucheka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa ule mkanda mweupe, mikono nyuma. Mwalimu wetu wa kuteleza, dada Msotho mwenye mashavu mekundu kwa baridi, alimletea donge la theluji kwenye kiganja. Koko aliniita nimtafsirie.

"Muulize, hii ilianguka toka juu?"

Nilimuuliza. Dada akacheka akaeleza kwamba hapana, mashine ziliimwaga usiku, maana majira haya theluji ya kweli imekuwa ya kubahatisha.

"Njo ya frigo hii," Koko alisema, akimaanisha ndiyo ile ya friji, na mikono ikabaki nyuma. "Ya frigo iko mingi Joubert Park."

Mwalimu wa Sunday school alimbembeleza: baridi ni ile ile, weupe ni ule ule. Koko alitikisa kichwa, akaketi kwenye jiwe, akawa mdogo ghafla ndani ya ndege wake wa kijani. Furaha yote ikanitoka. Nilielewa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba mtu huyu hatarudi huku tena, na kwamba kama leo hataishika, basi ndiyo imekwisha. Nilianza kulia, na sikuona aibu.

Dada Msotho alituangalia sote wawili, kisha akaonyesha kidole nyuma ya kilima. Kule, alisema, kwenye korongo linalotazama kusini, jua la baridi halifiki. Theluji iliyoanguka mwanzo wa msimu huenda imebaki. Lakini si mahali pa kutembea bibi. Mwalimu alitazama saa. Tulipaswa kuanza kushuka jua likiwa bado juu, kabla barabara haijaganda, na kombi yetu haikuwa na minyororo ya kufunga magurudumu yasiteleze. "Shosho, hatuwezi," alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni. Koko alivua glavu ya kulia, akaunyoosha tena ule mkono, kama alivyofanya kanisani.

"Ai, haya!" mwalimu alilipuka. "Twende! Mbio! Wote!"

Laiti ungetuona! Dada Msotho alileta kigari cha kuteleza cha plastiki, kile cha kuburutia watoto, tukamkalisha Koko. Tulivua vilemba na mikanda ya kitenge, tukavifunga kuwa kamba, tukavuta. Watoto wa Sunday school nzima, mbele mwalimu wa benki viatu mkononi kwa sababu kisigino kimekatika, tukaburuta kigari juu ya majani na mawe. Koko alikuwa akiimba na kutoa amri kwa pamoja. "Vuta, batoto! Si hivyo, utaniangusha! Vuta!" Tuliimba wimbo wa kwaya wa kuingilia ibada, ule wa haraka, na dada Msotho akadaka kiitikio ingawa hakujua neno hata moja. Pumzi zilikuwa zinatoka kama moshi. Kilima kile kilikuwa kirefu, jamani.

Tukazunguka jiwe la mwisho, nayo ilikuwepo. Haikuwa kubwa. Ilikuwa imejilaza ndani ya korongo, kwenye kivuli, ina vumbi juu na nyayo za ndege wa kweli. Mtoto mmoja alitaka kuirukia, Koko akamfokea: hakuna wa kuigusa kabla yake. Alishuka mwenyewe. Alipiga goti taratibu, akiegemea bega langu, akafuta vumbi, na chini yake ikawa nyeupe kuliko ule mkanda wa mashine. Akauzamisha mkono mpaka kwenye kifundo.

"Inachoma!" alipiga ukelele. "Weee, neige inachoma!" Akaangua kicheko, akaishika nyingine, akajipaka usoni, akatupaka sisi, akampaka mwalimu. Kisha akaugeukia upande wa kaskazini, ambako kwetu kuko mbali mno, akainua ngumi iliyojaa theluji kumwonyesha baba yake. "Tata! Nimeishika! Niko nayo mu mukono!" Mwalimu aligeuka upande kujifuta macho. Mimi nililia wazi wazi kwa furaha, nikiwa na theluji mdomoni.

Tulishuka mlima barabara ikiwa bado salama, nusu tumelala, mablanketi yamelowa chapachapa.

Koko amekwisha tutoka. Jengo la Joubert Park bado lipo, lakini wote tuliowajua wamehama. Mwaka huu nilimuuliza kijana wa kukodisha viatu kuhusu lile korongo, naye hakujua nasema lipi. Jambo ambalo sikulitarajia limetoka kwetu, chini ya Ruwenzori. Ndugu waliobaki wanasema theluji ya mlimani imepungua mno, asubuhi nyingi juu ni jiwe jeusi tu. Miaka ya mwisho ya Koko, watoto wa huko, waliozaliwa chini ya mlima wenyewe, walikuwa wanampigia simu Johannesburg kumuuliza theluji ilivyo. Alikuwa anawasimulia mpaka salio lao linakwisha. Sasa wananipigia mimi. Juzi katoto kamoja kalichukua simu ya mama yake, kakaniuliza kama ile neige ya kwao ilikuwa tamu ama namna gani. Nilitoka nje ya ofisi, nikasimama kwenye baridi, nikakaambia: kwanza inachoma.