Punje ya Mtu wa Mbaha

Maharage yakimwagwa kwenye ungo hutoa mlio kama wa mvua inayoanza juu ya bati, nami kila nikiusikia huacha ninachofanya. Mnivumilie, wasomaji wangu. Mlio huo hunirudisha Litumbandyosi, kule milimani, jikoni kwa mama mdogo, nilipokuwa darasa la nne.

Mama alikuwa amenipeleka kwa mdogo wake huyo nikasome. Yeye alibaki Mbaha, kando ya ziwa, akianika usipa, wale dagaa wetu, pamoja na mdogo wangu Festo. Kwa mama mdogo nilipendwa, hilo sifichi. Nilipewa hata jembe langu dogo, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ila moyoni nilijiona napita tu.

Siku moja mwalimu wa hesabu alituagiza tulete punje za maharage, moja kwa kila mtu tunayekula naye chungu kimoja nyumbani. "Na mtu asihesabiwe mara mbili," akaonya. Onyo hilo lilininyima raha. Nilipanga punje kwenye ungo: bibi, baba mdogo, mama mdogo, watoto wao. Mama mdogo akachungulia.

"Wewe mwenyewe uko wapi?"

"Mimi wa Mbaha, mama. Nikijihesabu hapa, kule si nitatoka?"

Aliingiza mkono kwenye maharage. Kisha akachagua punje nene kuliko zote, akaiweka katikati ya zile nyingine. "Unakula hapa, unalala hapa. Basi upo hapa," akasema, akazifunga zote kwenye kipande cha khanga. Nilikwenda shule nikijiona nimemwibia mama mtoto wake.

Darasani mwalimu alizichanganya punje zetu zote mezani, kisha akatugawia upya, mafungu sawasawa. "Huu ndio wastani!" akasema kwa furaha. Wenzangu waliotoka nyumba za watu wachache walijiona matajiri. Mimi niliitafuta ile punje nene kwenye fungu langu, sikuiona.

"Mwalimu," nikauliza, "mimi nimekwenda kwa nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. "Wastani haumjui mtu, binti," akasema taratibu. "Unajua kundi tu." Mtoto wa watu nikazidi kunywea.

Likizo ilipofika niliteremka Mbaha na hofu yangu. Nilimwamkia mama shikamoo bila kumtazama usoni. Jioni akapakua ugali na usipa, akaniwekea sahani mbele yangu. Festo akaikodolea macho, akanuna.

"Sasa hiyo ya dada akiila mwenyewe, mimi nitakula ya nani?"

Mama alimkemea, lakini maji yalikwisha mwagika. Kumbe siku zote nilizokuwa milimani alikuwa akipakua chakula changu, kinapoa mbele yake, ndipo Festo anaruhusiwa kukimaliza. Ndiyo maana alikuwa amenenepa vile, mchoyo yule! Nilikula kwa furaha hadi nikalamba vidole.

Utotoni nilielewa tu kwamba sikutolewa kwenye hesabu ya Mbaha. Mengine nimeyajua juzijuzi, binti yangu alipokwenda chuo mbali, nikajikuta nampakulia. Mama hakuwahi kunieleza jinsi inavyouma kuijaza sahani ile ukijua mwenyewe hayupo. Sasa najua, na yeye hayupo nimwambie.